Mizani Iliyofichwa Haiaminiwi



Sifa zote njema ni za Allah (S.W.T.), Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), ambaye watu wa Makka walimwita Al-Amin hata kabla hajapewa utume, na ziwashukie jamaa zake na maswahaba wake wote. Ama baada ya hayo.

Ndugu zangu katika imani, somo letu la muhula huu linahusu jambo tunalokutana nalo kila siku hapa chuoni. Kwa nini watu huacha kumwamini kiongozi, mwalimu au mwenzao hata pale ambapo hakuwadhulumu? Nitaanza na kisa kilichonifika mimi mwenyewe, kwa kuwa kosa lilikuwa letu na sioni haja ya kulificha.

Fomu 31 na nafasi tano

Nilipokuwa katibu wa jumuiya, mtu mmoja mwenye kheri alituletea fedha za kuwalipia ada wanafunzi wenye dhiki. Zilitosha watu watano. Fomu zilizorudi zilikuwa 31. Tuliketi watu wanne msikitini usiku mbili baada ya Isha. Tulimpa kila mwombaji alama kwa mambo matatu: nani anamlipia ada, ana deni kiasi gani, na kama deni hilo litamzuia kufanya mtihani. Wallahi hatukumpendelea mtu. Kuna mmoja wetu aliyekuwa na binamu yake kati ya waombaji, naye alitoka nje fomu hiyo iliposomwa. Binamu yake hakupata.

Tukawapigia simu wale watano, tukawaambia kwa siri. Tuliona ni adabu kuwasitiri. Wale 26 hatukuwaambia neno.

Baada ya wiki moja mtu akagundua kwamba watatu kati ya watano wanatoka upande mmoja wa nchi na Amir wetu. Amir hakuwa akiwajua hata wawili kati yao. Lakini wahenga walisema lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Kufika mwisho wa mwezi, mchango wa Ijumaa ulikuwa umepungua. Ndugu aliyekuwa akitupikia futari kila Ramadhani akasema ana shughuli. Tulipoitisha mkutano, walikuja wachache, na waliokuja hawakuuliza kitu.

Dada mmoja aliyekosa nafasi ndiye aliyenifungua macho. Aliniambia, "Kaka, sikukasirika kwa kukosa. Najua wako wenye shida kunishinda. Nilichukia kwa sababu mpaka leo sijui kama fomu yangu ilisomwa."

Tafakari maneno hayo. Tulikuwa waadilifu usiku mbili mfululizo, na hakuna aliyetuona isipokuwa Allah. Kwa Allah tunatarajia malipo yetu. Lakini wenzetu hawana elimu ya ghaibu. Wao waliona mlango uliofungwa, kisha wakasikia majina matano.

Amana na uadilifu vimewekwa pamoja

Katika Suratun-Nisaa, aya ya 58, Allah anatuamrisha mambo mawili kwa pamoja: tuzirudishe amana kwa wenyewe, na tunapohukumu baina ya watu tuhukumu kwa uadilifu. Amana na uadilifu vimekaa katika aya moja. Anayegawa cha watu ameshika amana, na kila anapogawa anahukumu, hata kama anachogawa ni sahani za pilau.

Sasa tazama Suratul-Baqara, aya ya 282, aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'an. Inazungumzia deni: liandikwe, awepo mwandishi mwadilifu, wawepo mashahidi, wala watu wasichoke kuliandika liwe dogo au kubwa. Kisha Allah anataja sababu. Kuandika huko ni uadilifu zaidi mbele yake, kunautia nguvu ushahidi, na kunawaweka watu mbali na shaka.

Sababu hiyo ya tatu inatuhusu sana. Mkopeshaji anaweza kuwa mkweli na mkopaji akawa mkweli, na bado sheria inataka karatasi. Shaka ni jambo la moyoni, na Mola aliyeuumba moyo anajua kwamba haupoi kwa kuambiwa tu "niamini". Hupoa ukiona kitu cha kuushika.

Watu hupima nini?

Waliosoma saikolojia au uongozi miongoni mwetu watakuwa wamekutana na tafiti zinazogusa jambo hili. Nitataja tatu.

Ya kwanza ni mchezo ambao Werner Güth na wenzake wawili waliujaribu huko Ujerumani na kuuchapisha mwaka 1982. Mtu mmoja hupewa fedha, tuseme shilingi 10,000, agawane na mwingine. Yeye ndiye anayesema mwenzake apate ngapi. Mwenzake akikubali, kila mmoja anachukua fungu lake. Akikataa, wote wawili wanakosa. Kwa hesabu tupu, hata shilingi 500 ni bora kuliko kukosa kabisa. Lakini mchezo huu umerudiwa katika nchi nyingi, na mara nyingi watu wanaopewa fungu dogo sana hulikataa. Mtu yuko tayari kupoteza fedha yake ili tu asikubali kudharauliwa. Kwa hiyo tusishangae aliyeona amepunjwa akiacha kutoa mchango ambao ungemnufaisha yeye pia.

Ya pili ni ya Tom Tyler. Mwaka 1984 wakazi 1,575 wa mji wa Chicago, Marekani, waliulizwa kuhusu sheria, polisi na mahakama, na baadhi yao wakaulizwa tena mwaka uliofuata. Mtu angedhani kwamba aliyeshinda kesi ataisifu mahakama na aliyeshindwa atailaani. Tyler aliona kwamba lililokuwa na uzito zaidi ni namna mtu alivyotendewa: je, alisikilizwa, aliheshimiwa, na aliyemhukumu alionekana hana upande? Aliyetendewa hivyo aliendelea kuona kwamba mamlaka hayo yanastahili kutiiwa, hata pale ambapo uamuzi haukumpendeza.

Ya tatu ilichapishwa na Jerald Greenberg mwaka 1990. Kampuni moja huko Marekani ilipoteza mikataba, ikapunguza mishahara kwa asilimia 15 katika viwanda viwili kwa muda wa wiki kumi. Katika kiwanda cha kwanza mkubwa wa kampuni aliwaita wafanyakazi, akawaeleza kwa kirefu kilichotokea, akaonyesha hesabu, akajibu maswali na kuonyesha kwamba anasikitika. Katika cha pili waliambiwa kwa ufupi tu kwamba mshahara utapungua. Wizi wa vifaa uliongezeka katika viwanda vyote viwili, lakini uliongezeka zaidi pale ambapo hawakuelezwa vizuri, na huko ndiko watu wengi zaidi walikoacha kazi. Mishahara iliporudi kama zamani, wizi ukashuka.

Tusizifanye tafiti hizi kuwa dalili za dini yetu. Dini yetu haizihitaji. Ila zinatuonyesha kwamba mtu anapopima uadilifu hutazama vitu viwili. Anatazama fungu alilopata, na anatazama njia iliyotumika kulifikia. Fungu likiwa dogo, njia ikiwa wazi, anaweza kuvumilia. Njia ikifichwa, hata aliyepata kingi hajui kama kesho atapata.

Siku Ansari walipolalamika

Hakuna kisa kinacholifundisha jambo hili kuliko kile cha mwaka wa 8 Hijria, baada ya vita vya Hunayn. Makka ilikuwa imefunguliwa wiki chache tu zilizopita. Ngawira ilikuwa nyingi, nayo ilikusanywa mahali paitwapo Ji'rana. Mtume (S.A.W.) alipoigawa, aliwapa kwa wingi wakubwa wa Kiquraishi na wa makabila waliosilimu karibuni. Abu Sufyan bin Harb alipata ngamia 100. Al-Aqra' bin Habis naye 100. Ansari, watu wa Madina waliomhifadhi Mtume na kupigana pamoja naye tangu Badr, hawakupata katika tunu hizo.

Wakanung'unika, hasa vijana wao. Walisema Mtume amekutana na watu wake. Sa'd bin Ubada (R.A.), mkubwa wao, akaenda kwa Mtume (S.A.W.) akamweleza wazi kinachosemwa. Mtume akamuuliza yeye mwenyewe amesimama wapi katika hilo. Sa'd akajibu kwa ukweli kwamba yeye ni mmoja wa watu wake.

Angalia alichofanya Mtume (S.A.W.). Hakumkemea Sa'd kwa kuleta habari. Hakusema kwamba mgawanyo wa Mtume haujadiliwi, ingawa hakuna binadamu aliyestahili zaidi kusema hivyo. Aliamrisha Ansari wakusanywe peke yao, akawauliza juu ya maneno yaliyomfikia. Akawakumbusha neema ambazo Allah aliwapa kupitia kwake. Kisha akasema kwa niaba yao yale ambayo wao waliona haya kuyasema: kwamba alifika kwao akiwa amekanushwa wakamsadiki, akiwa amefukuzwa wakampa makao. Akawaeleza sababu ya mgawanyo, kwamba alitaka kuzilainisha nyoyo za watu ambao Uislamu wao ulikuwa bado mpya. Mwisho akawauliza kama hawaridhiki wengine warudi na kondoo na ngamia, na wao warudi kwao pamoja na Mtume wa Allah. Walilia mpaka ndevu zao zikalowa, wakasema wameridhika.

Mgawanyo haukubadilika. Hakuna ngamia hata mmoja aliyerudishwa. Kilichobadilika ni kwamba Ansari sasa walijua sababu, walijua wamesikilizwa, na walijua thamani yao haijashuka. Ikiwa Mtume (S.A.W.), aliyehifadhiwa na Mola wake, aliona inafaa kuwaeleza watu, kamati ya wanafunzi wanne inajiona nani hata ikatae kueleza?

Mambo manne ya kufanyia kazi

Kwanza, msikilize kila mwenye haki kabla ya kuamua. Mtume (S.A.W.) alipompeleka Ali (R.A.) Yemen kuwa kadhi, alimfundisha asihukumu kwa maneno ya upande mmoja mpaka asikie na wa pili. Kumbuka pia Maquraishi walipoijenga upya Al-Kaaba, Mtume akiwa na umri wa miaka 35. Waligombana nani aliweke Jiwe Jeusi mahali pake mpaka wakakaribia kumwaga damu. Alipoingia yeye, walifurahi kwamba Al-Amin ndiye atakayewaamua. Angeweza kuliweka mwenyewe. Badala yake alilitia katika nguo, akawataka wakubwa wa koo washike pembe na kuinyanyua wote, kisha yeye akaliweka kwa mkono wake. Kila mtu alirudi nyumbani akijua kwamba mkono wake ulikuwamo.

Pili, kipimo kiwe kimoja kwa wote. Mwanamke wa ukoo mtukufu wa Bani Makhzum alipoiba, watu walimtuma Usama (R.A.) amwombee. Mtume (S.A.W.) alighadhibika, akabainisha kwamba waliotangulia waliangamia kwa kumwachia mtukufu na kumwadhibu mnyonge, na kwamba hukumu ingekuwa ileile hata kama mwizi angekuwa binti yake Fatima. Sisi tunaanguka katika mambo madogo kuliko hayo. Mjumbe wa kamati akichelewa kikao tunasema ana majukumu. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza akichelewa tunasema hana nidhamu. Watu wanaona, wala hawasahau.

Tatu, eleza sababu kabla hujaulizwa. Usiku mmoja Mtume (S.A.W.) akiwa katika itikafu, mkewe Safiyya (R.A.) alimtembelea, naye akatoka kumsindikiza. Wakapita watu wawili wa Ansari, wakaharakisha mwendo. Akawaita wasubiri, akawaambia kwamba huyu ni Safiyya binti Huyayy. Walishtuka, maana nani angemdhania vibaya? Akawaeleza kwamba alichelea shetani asije akatia kitu katika nyoyo zao. Hakungoja dhana izaliwe ndipo aijibu.

Nne, andika. Mweka hazina aandike kilichoingia, kilichotoka na kilichobaki, na karatasi ibandikwe pale watu wanapovulia viatu, si kusomwa mara moja kwa mwaka kwa haraka. Hii ni aya ya 282 ikifanya kazi hosteli.

Hapa ndugu anaweza kuuliza: je, sitara ya mwenye shida iko wapi? Ni swali zuri. Hatukuamrishwa kutangaza dhiki za watu. Kinachotakiwa kuonekana ni kipimo na wapimaji. Majina ya waliosaidiwa na hali za nyumbani kwao zinaweza kubaki siri. Sisi mwaka ule tulichanganya. Tulificha majina, jambo jema, na tukaficha kipimo pamoja nayo, tukadhani yote ni sitara.

Muhula uliofuata tulibandika vigezo kabla ya fomu kutolewa. Tuliomba kila upande, kaka na dada, uchague mtu mmoja wa kukaa na kamati na kushuhudia. Kila aliyekosa alipata barua fupi yenye sababu na jina la mtu wa kumuuliza. Fedha hazikuongezeka. Waliokosa walikuwa wengi kuliko waliopata, na wengine walihuzunika. Lakini walikuja kuuliza, na anayekuja kuuliza bado anakuhesabu kuwa mtu wake. Yule dada alikosa tena. Alikuwa mmoja wa mashahidi, akasoma barua yake, akatabasamu, kisha akaenda kuandaa tende za futari.

Wajibu wa anayelalamika

Tusiwabebeshe viongozi peke yao. Hisia ya kuonewa si ushahidi wa kuonewa. Kuna mtu aliyemwambia Mtume (S.A.W.) afanye uadilifu alipokuwa akigawa mali, na Mtume akamrudi: ni nani basi atakayekuwa mwadilifu ikiwa yeye si mwadilifu? Moyo wenye maradhi huona dhuluma hata mbele ya mbora wa viumbe.

Katika Suratul-Hujurat tumekatazwa wingi wa dhana, na tumeamrishwa kuhakikisha habari kabla ya kuifanyia kazi. Sa'd bin Ubada ndiye mfano wetu. Malalamiko aliyoyasikia aliyapeleka kwa mhusika, uso kwa uso, na hakuficha msimamo wake mwenyewe. Hakuyazungusha mahemani. Sisi leo tunayazungusha katika makundi ya WhatsApp usiku kucha, kisha asubuhi tunampa Amir salamu kana kwamba hakuna kitu. Huko nako ni kuficha mizani, ila ni mizani ya upande wa pili.

Hitimisho

Ndugu yangu, dada yangu, kesho utakuwa daktari wa wilaya, mwalimu, hakimu, meneja wa benki. Utagawa zamu, alama, mikopo na dawa. Nia yako njema ataijua Allah, naye anatosha kuwa shahidi. Lakini watu utakaowaongoza wana haki ya kuiona mizani yako, kwa kuwa kinachopimwa ni chao. Anza kujizoeza sasa, katika kugawa zamu za kupika na alama za kazi za kikundi.

Maswali ya kujadili katika darsa

1. Ni uamuzi gani wa jumuiya yetu muhula huu ambao waliokosa hawakuelezwa sababu? Nani atawaeleza, na lini?

2. Katika kisa cha Ji'rana, Sa'd bin Ubada angenyamaza, Ansari wangefikia wapi? Ni nani anayefanya kazi ya Sa'd katika hosteli yako?

3. Tutaonyeshaje kipimo cha kugawa misaada bila kuvunja sitara ya anayesaidiwa?

Tunamwomba Allah atujaalie tuwe miongoni mwa wanaosimamia uadilifu hata dhidi ya nafsi zao, azisafishe nyoyo zetu na dhana mbaya, na aunganishe safu zetu. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullaahi wabarakaatuh.